Bado, Bado, Basi

Jumatatu, 3 Machi

Nimekanyaga koni mbili leo. Maendeleo! Ijumaa zilikuwa nne.

Mwalimu wa udereva alikuwa kando yangu. Alishuka, akaziokota, akazipiga-piga mpaka zikasimama, akarudi kitini na kijiti chake mdomoni. Huyu mtu hapandishi sauti. Hurudia yaleyale: klachi nusu, mguu mwepesi, gari litambae, tazama vioo. Kisha hukodoa macho mbele kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Kwa kumbukumbu, maana daftari hili nimelianza leo na huenda wajukuu wakalisoma: mimi ni mchora mabango, miaka hamsini na miwili, mume wa mke mmoja, baba wa watoto watatu. Kwenda mbele naendesha vizuri. Hata mwalimu anakubali. Tatizo langu liko nyuma. Na mtihani, kwa bahati mbaya, nao uko nyuma. Unaingiza gari kinyumenyume kati ya koni, unasimama kabla ya mstari, hujagusa kitu. Nimeshindwa mara mbili. Ijumaa hii ni ya tatu.

Ingekuwa leseni tu, ningengoja. Lakini kitindamimba wetu amemaliza chuo cha uuguzi na amepata kazi katika hospitali iliyo mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Anahamia Jumamosi. Alipokuwa na miaka sita, nimembeba mabegani tukitoka kumchoma sindano, nilimwahidi kwamba siku atakayoanza kazi nitampeleka mwenyewe kwa gari langu. Wakati huo sikuwa na hata baiskeli. Nilitaka tu anyamaze. Alinyamaza, na miaka kumi na saba hajasahau. Kaka zake walipanda basi wala hawakunung'unika, ila wao hawakuahidiwa.

Gari lipo. Limekaa uani miezi minne chini ya turubai. Aliyetuuzia aliliingiza kwa pua, akalisimamisha limetazama ukuta, akaondoka kwa miguu akipiga mluzi. Maana yake gari langu haliwezi kwenda popote duniani kabla halijarudi nyuma. Naliosha kila Jumapili. Hakuna gari safi kama hilo mtaani, wala lililosafiri kidogo kama hilo.

Sasa niandike linalouma. Mwanafunzi mwenzangu ni mama mkwe.

Mkunga mstaafu, miaka sitini na saba, anaishi nasi tangu mwaka jana. Anasema miaka arobaini amesubiri magari ya watu yaje kumchukua yampeleke kwa wajawazito wenye uchungu, na yote yalichelewa. Sasa anataka kujua magari yalikuwa na shida gani. Ameanza kujifunza wiki tatu zilizopita, na Ijumaa naye ana mtihani. Leo aliingiza gari kati ya koni mara moja tu, polepole, hakugusa hata kivuli cha koni. Mwalimu akatoa kijiti mdomoni.

Nilimuuliza, kwa heshima zote za mkwe, siri ni nini. Akasema amepokea watoto waliotanguliza matako, sembuse gari.

Mtu atamjibu nini mkwe wake baada ya neno kama hilo?

Wanafunzi wa zamu ya jioni wameanza kuniita Mzee wa Koni. Nimejifanya sisikii. Nimeitika mara moja tu, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 4 Machi

Kila mtu hupewa riziki kwa fani yake.

Mwalimu amelalamika kwamba mistari ya uwanja wa mazoezi imefifia, wanafunzi hawaoni wanapoingia. Nafasi za kupaki ziko nne, sisi tunaziita vyumba, na koni hupangwa juu ya mistari yake. Nikasema mbona mchoraji yupo hapahapa, na nyumbani nina rangi nyeupe nusu kopo? Alifurahi sana. Aliniachia uwanja akaenda kula.

Upana wa chumba ni hatua tatu za mtu mzima. Cha kwanza nikakipa hatua tatu. Cha pili, tatu. Cha tatu, tatu. Cha nne, kilicho pembeni kabisa mbali na lango, nikakipa hatua tatu na nyayo mbili.

Huo si udanganyifu. Ni kujenga moyo. Hata mtoto anayejifunza kutembea huondolewa stuli njiani.

Mistari imenyooka kama ya kitabu. Mwalimu alirudi, akaiangalia, akasema mkono wangu una baraka. Niliangalia chini kwa unyenyekevu. Kulikuwa na rangi kwenye kiatu.

Kuhusu vioo. Watu wananisumbua sana na hivyo vioo. Gari lina vioo vitatu, na ukivitazama ni kama wajomba watatu kwenye kikao: wa kushoto ana lake, wa kulia ana lake, wa katikati anakuonyesha paji lako la uso. Ukimsikiliza kila mmoja hutafika. Mimi nategemea hisia.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi ya ushindi! Chumba cha nne, mara tatu mfululizo, koni zote zimesimama kama walinzi wa mlango. Mwalimu alinipa mkono. Zamu ya asubuhi walipiga makofi, mmoja akauliza kama kweli huyu ndiye Mzee wa Koni.

Mchana nikatangaza mezani. Mke wangu akasema hewala, ila akaniangalia vile anavyoangalia maziwa yaliyo jikoni, kwa upande. Kitindamimba alimaliza kula, akaingia chumbani, nikamsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba Jumamosi anapelekwa na baba yake. Alisema hivyo mara mbili, nadhani yule wa pili hakuamini. Nilikaa pale mezani na sahani tupu kwa muda. Nilihisi nimekuwa mrefu.

Alasiri nilirudi uwanjani na mama mkwe. Ilikuwa zamu yake, akapangiwa chumba cha nne. Hakupanda gari. Alivua viatu, akaanza kupima mstari, unyayo mbele ya unyayo, bila haraka, mikono mgongoni. Akapima na cha tatu. Mimi nikagundua kwamba kamba ya kiatu changu inahitaji kufungwa.

Alinikuta nimeinama. Hakumwambia mwalimu, hilo nampa sifa. Aliniambia mimi, chini chini, kwamba katika kazi yake mlango haupanuliwi kwa brashi.

Kisha akamwomba mwalimu anijaribu chumba cha kwanza, kwa vile mkwe wake ameiva. Koni tatu. Moja ilibaki chini ya gari mpaka tukatafuta jeki.

Mke wangu amesikia. Sijui amesikia wapi. Jioni aliniuliza kama nataka chai kwenye kikombe cha kawaida au anipanulie kidogo.

Jumamosi iko palepale.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala na jambo na nimeamka nalo limeiva.

Nani aliwahi kurudisha gari nyuma peke yake? Nimefikiri sana. Kila dereva niliyemwona maishani mwangu, wa lori, wa basi, wa gari la kubeba mchanga, ana mtu amesimama nyuma. Huyo mtu husema: bado, bado, bado. Yaani nafasi ipo, njoo. Kisha husema: basi. Yaani simama hapo. Dereva hatazami kitu, anasikiliza tu, pengine anakula karanga. Huu ndio urithi wetu. Leo mtahini anakuja anataka mtu arudi nyuma mkiwa, bila bado wala basi, kama hana ndugu!

Basi nikaenda uwanja wa mtihani, nikisema nakwenda kuangalia hali ya lami. Mlinzi wa pale nilisoma naye darasa la nne mpaka la saba. Yeye ndiye aliyekuwa akininong'oneza majibu ya hesabu. Mengine hayakuwa sahihi, ila sauti yake ilikuwa safi.

Mpango ni huu. Kesho nikianza kurudi, yeye atakuwa anafagia nyuma ya ukuta mfupi ulio mwisho wa uwanja, simu sikioni, anajifanya anaongea na mtu. Atasema bado, bado. Nikifika mstarini atasema basi. Mtahini atasikia mtu anaongea na simu. Nani anamkataza mlinzi kuongea na simu?

Yeye malipo yake hataki ila kibao cha kibanda chake. Sasa hivi kimeandikwa MLINZI kwa chaki. Anataka OFISI YA MKUU WA ULINZI, herufi nyekundu zenye kivuli. Nimekubali. Yuko peke yake pale, kwa hiyo ukuu si uongo.

Tulifanya jaribio kwa toroli la takataka. Nilishika mikono ya toroli, nikafumba macho, nikarudi nalo kinyumenyume. Bado, bado, bado, basi. Nilipofumbua macho, mgongo wangu ulikuwa kidole kimoja kutoka ukutani. Kidole kimoja! Hakuna kioo duniani kitakachokupa kidole kimoja.

Jioni nilimkuta mama mkwe ameketi barazani na bakuli la mchele, anachambua. Nikakaa. Akasema, bila kuinua macho, kwamba mzazi akiwa na hofu hufumba macho, na kazi nzima ya mkunga ni kumwambia fumbua. Akasema vioo haviumi.

Nikamshukuru. Nikamwambia Mama, kesho usinihofie, nimejipanga.

Akasema hicho ndicho anachokihofia.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa utulivu.

Saa tatu asubuhi. Wa kwanza mimi, wa pili mama mkwe, amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Mtahini ni mtu mwembamba mwenye kalamu ya kubofya. Kwa ajili ya kivuli alikuwa ameweka meza yake ndogo nyuma ya zile koni, hatua tatu kupita mstari. Juu ya meza karatasi na chupa ya chai. Meza niliiona. Nataka hilo lieleweke. Niliiona nilipokuwa naingia, na nikajiambia hiyo ni kazi ya mlinzi.

Nikashusha dirisha. Rivasi. Klachi nusu. Nyuma ya ukuta mfupi niliusikia ufagio.

"Bado," akasema mlinzi. Sauti ileile ya darasa la sita. Nikarudi.

"Bado." Nikarudi. Hakuna koni iliyolia. Moyo ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. Nikaanza hata kufikiria Jumamosi, nitavaa shati gani.

"Bado," akasema. Nikadhani mstari umekaribia, lakini yeye ndiye anayeona.

"Bado kabisa."

Nikajiambia, kumbe vyumba vya mtihani ni virefu. Ndiyo maana watu wanashindwa.

"Si nimekwambia bado!"

Hapo nikaona namchelewesha mtu wa watu. Nikalegeza klachi kidogo zaidi.

Sitaki kuuita mgongano. Mwalimu alitufundisha gari litambae, nalo lilitambaa. Liliifikia meza, likaisogeza taratibu, kama mtu anayesogeza kiti ili mgeni apite. Nilisikia mkwaruzo nikadhani ni ufagio. Mtahini alikuwa anatembea kando yangu, mwendo uleule wa gari, akigonga paa kwa kalamu. Nilidhani ananipigia makofi. Chupa ya chai ilianguka, ikabingirika uwanja mzima bila haraka mpaka miguuni kwa mama mkwe. Aliiokota, akakaza kifuniko, akaiweka kando yake kwenye benchi.

Meza ilipogusa ukuta ndipo gari lilipozima lenyewe. Nyuma ya ukuta mlinzi akasema, kwa sauti ya upole sasa, kwamba atakunywa baada ya kula, asihofu.

Nimeongea naye baadaye. Ameapa kwa kila kitu kwamba bado ya kwanza na ya pili zilikuwa zangu. Kisha simu ikamlilia sikioni kweli. Mkewe. Alitaka kujua kama amekunywa dawa ya presha. Na mtu akiongea na mkewe hugeuka pembeni. Mimi mwenyewe hugeuka. Siwezi kumlaumu.

Mtahini aliandika kwenye fomu: Hakutumia vioo. Akafikiri, akaongeza: hata kimoja. Akapiga mstari chini yake. Nirudi baada ya mwezi.

Mama mkwe akaitwa. Meza ikahamishwa, koni zikapangwa. Aliingia mle kama uzi kwenye sindano. Mtahini akabofya kalamu, akamuuliza bibi umefundishwa na nani. Akasema, na watoto. Kisha akamrudishia chupa yake ya chai.

Amepewa karatasi ya muda, leseni itafuata. Kesho ataendesha yeye.

Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia kitindamimba. Nilitunga mazuri, yenye mifano. Nilipofika mlangoni kwake alikuwa anakunja sare mpya, nyeupe, bado ina mikunjo ya dukani. Nikasema tu kwamba haikuwa. Aliendelea kukunja. Akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja.

"Lakini utakaa mbele, Baba?" akauliza.

Nikasema nitakaa mbele.

Nikaenda uani nikaliosha gari. Haikuwa Jumapili.

Jumamosi, 8 Machi

Tuliondoka mapema. Godoro juu ya paa, ndoo, sufuria mbili, feni, sanduku, na kitindamimba katikati ya vitu kama yai kwenye kapu. Nafasi ya mke wangu haikubaki. Alisema afadhali, yeye hulia njiani akawachosha watu. Alifungua lango, akaweka mkono kichwani, akafumba macho.

Mama mkwe alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama katikati. Gari likatoka uani kinyumenyume, kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe. Ukuta ulibaki peke yake. Nilihisi kama tumemwacha mgonjwa.

Njiani niliwasomea mabango. Kazi ya watu wengi ni mbaya. Kuna duka limeandikwa VIFAA VYA UJENZ, herufi ya mwisho imekosa mahali pa kukaa. Niliwaeleza kwamba hilo ni kosa la mtu anayekwenda tu bila kutazama nafasi iliyobaki. Mama mkwe akasema, hm. Kitindamimba akaangalia nje ya dirisha, mabega yakimtikisika. Malori yalitupita. Baiskeli moja ilitupita. Hakuna aliyelalamika.

Tulifika saa tano na nusu. Nyumba za wauguzi ziko nyuma ya hospitali, ndani ya ukuta wake wenyewe, uwanja mtupu, miti miwili. Bawabu wa pale langoni alituambia kila gari humu hulazwa likitazama nje, ili kukiwa na dharura litoke moja kwa moja. Kibao nacho kinasema hivyo: PAKI KINYUMENYUME. Nyume ya mwisho imebanwa kama abiria wa nyuma.

Mama mkwe alisimamisha gari mbele ya nafasi iliyo chini ya mti. Akaweka breki ya mkono. Akashuka. Nikadhani magoti yanamuuma. Akazunguka mpaka kwenye mlango wangu, akaufungua.

"Hapa ni ndani ya ukuta, si barabarani," akasema. "Mimi nimewafikisha mlangoni, mkwe wangu. Ahadi ni yako. Malizia."

Nikamwambia, Mama, nyuma hakuna mtu. Akasema anajua. Akaenda kusimama mbele kabisa ya gari, mikono mgongoni, midomo imefungwa, mahali ambapo hawezi kuniambia bado wala basi.

Nikakaa. Usukani ulikuwa wa moto. Kioo cha katikati kilikuwa kimepangwa kwa kimo chake, kikanionyesha paja langu. Nikakigeuza ili tu kisinisumbue. Kitindamimba akatokea ndani yake.

Alikuwa amekumbatia feni. Ananitazama. Nikakumbuka kwamba siku ile nilipomwahidi sikumwona uso. Alikuwa juu ya mabega yangu, mimi nilihisi visigino tu na kamasi ikidondoka kwenye sikio. Miaka yote nilikuwa najiuliza alifanya uso gani. Ni huu.

Klachi nusu. Mguu mwepesi. Sikutaka kuuacha ule uso, na nyuma ya sikio lake, ndani ya kioo kilekile, kulikuwa na mstari mweupe, na shina la mti, na ukuta. Huwezi kuuona mmoja bila kuona mengine. Shina likasogea kushoto, nami nikasogea. Mstari ukaja, ukaja, ukazama chini ya feni. Nikasimama.

Hakuna kilicholia. Hata jani.

"Umenileta, Baba," akasema.

Nilishuka kuhakikisha. Nilipima kwa unyayo, pande zote mbili. Sawasawa. Yule wa lango akauliza kama mimi ni dereva wa siku nyingi. Nikapangusa vumbi machoni. Mama mkwe akalizunguka gari mara moja, kama anavyozunguka kitanda, akasema mtoto mzima, mama mzima.

Tulishusha godoro. Chumba chake ni cha pili kutoka mwisho, kina dirisha linaloangalia mti. Amelitundika koti lake la kazi msumarini kabla ya kitu kingine chochote.

Kurudi, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu na ndoo haikuwepo kugonga. Karibu na nyumbani nilimwambia mama mkwe asante. Akasema anaangalia vioo, nisimkatishe.

Jumapili, 9 Machi

Nimeliosha gari. Lilikuwa limechafuka vizuri, mavumbi ya mbali.

Mke wangu ameamka akaweka vikombe vinne, akarudisha kimoja. Kitindamimba ametuma ujumbe kwamba amelala salama, na kwamba wenzake wameuliza yule aliyepaki jana ni nani. Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa. Nimemsomea mke wangu. Nimemsomea mama mkwe, ambaye alikuwepo.

Sasa nimekaa na akili iliyotulia nitafute sababu iliyofanya jana iwe tofauti na juzi, ili mwezi ujao nisirudie kosa. Mama mkwe anasema ni vioo. Mke wangu anasema ni vioo. Mwalimu nimempigia simu, naye bila hata kuniruhusu nimalize akasema ni vioo. Watu wakishikilia jambo! Vioo nilivitazama kweli, sikatai, lakini nilikuwa namtazama mtoto. Hilo si kupaki, hilo ni uzazi. Mtahini hawezi kukaa nyuma amekumbatia feni.

Hapana. Nimelichambua jambo hili kama mchele. Jana kulikuwa na nini? Kimya. Juzi kulikuwa na nini? Neno "bado". Mpango wangu ulikuwa mzima kabisa, mbovu lilikuwa neno. "Bado" ni neno la hatari. Mke atamuuliza mumewe umekula, umefika, umekunywa dawa, na jibu ni hilohilo moja. Nashangaa sikuliona mapema.

Kwa hiyo alasiri nimekwenda kwa mlinzi na kibao chake. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, kimependeza mno. Kwa mwezi ujao ameomba niongeze NA USALAMA. Nimekubali. Tukakaa kibandani tukatafuta maneno mapya, maneno ambayo mtu hawezi kuyasema kwa bahati mbaya akiwa anaongea na simu. Ilituchukua saa nzima. Mwisho tumeyapata. Njoo itakuwa "haya". Simama itakuwa "sawa".

Tulikuwa tunataka kuyajaribu kwa toroli simu yake ikaita. Mkewe. Akageuka pembeni.

"Haya," akasema. "Haya, haya. Sawa. Haya."

Nikamsubiri amalize, kisha nikashika toroli na kufumba macho.